Kurasa Saba za Nyasi

Mwaka huo nilikuwa na riwaya moja iliyokataliwa na wachapishaji wawili, na kofia ya sufu ambayo sikuivua hata jua likiwaka, kwa kuwa niliamini waandishi hawasikii joto. Nilikaa chumba kimoja Baba Dogo, na majirani waliniita "yule wa karatasi."

Ndiyo maana wazee wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, walinijia. Walikuwa sita, waliopigana na Wajapani kule Bama wakiwa vijana. Mmoja alikuwa na mguu mmoja, wawili macho yalikuwa yameingia ukungu, na wote walilala kwenye baraza za maduka. Mjane mmoja wa mtaani, ambaye mumewe hakurudi kutoka vita hivyo, alikuwa amewaachia kiwanja wajengewe nyumba. Sasa jirani mwenye karakana alikitaka, akawa anakipima kwa futi, na alikuwa amemwambia ofisa wa ardhi kwamba pale hapana mtu.

"Wewe una maneno," akaniambia mzee wa mguu mmoja, Mkamba mchonga vinyago. "Tuandikie barua."

"Niachie mimi, mzee."

Niliandika kwa siku tatu, kurasa saba. Nyasi za kile kiwanja zilifika kiunoni, zikiinamia upepo kama waumini. Chiriku walikuwemo. Ukimya niliuita bikira, usiojua unyayo wa binadamu. Wazee niliwapa sentensi moja, mwishoni, na hata hiyo niliiwekea mwezi. Rafiki zangu waandishi walipoisikia, mmoja alitokwa na machozi.

Ofisa aliisoma mbele yetu, taratibu, hadi mwisho.

"Nani kaandika?"

"Mimi," nikasema, nikirekebisha kofia.

"Nzuri sana. Jirani yenu aliponiambia hakuna anayekaa pale, sikumwamini. Sasa mmenithibitishia wenyewe." Akaikunja. "Ijumaa nakuja kuona. Nikikuta hizi nyasi na huu ukimya, kiwanja kinapewa atakayekitumia."

Nje nilingoja kutukanwa. Mzee alitembea kwa gongo lake mpaka barabarani.

"Hata adui kule Bama," akasema, "hakuwahi kutuandikia barua nzuri hivyo."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Tuchimbe choo."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Kibanda cha mabati mtu anasimamisha asubuhi moja, hata mwizi," akasema. "Lakini nani anachimba choo mahali asipokaa? Kwetu, ukitaka kujua kama mtu amehamia kweli, unauliza amechimba wapi. Sururu ile pale, yule wa karatasi."

Wao walifyeka nyasi zangu, wakasimamisha kibanda. Mimi nilichimba siku nne katika udongo mweusi unaong'ang'ania sururu kama mdai. Malengelenge yalipasuka, mengine yakaota juu yake. Wale wawili wasioona vizuri walikaa ukingoni kupima kina kwa masikio.

"Sema kitu, kijana."

Nikawakariria shairi langu.

"Bado. Sauti bado iko juu. Endelea kuchimba, na hilo shairi lifupishe."

Alhamisi, nilipokwisha kutoka, kofia ilitumbukia shimoni, na sikuwa na nguvu ya kuifuata. Mama mmoja jirani akatuletea mlango wa zamani.

Ofisa alipokuja, alikipita kibanda bila kukitazama. Akaenda moja kwa moja chooni, akanyoosha mkono kufungua.

Ndani mtu akakohoa.

Ofisa akarudi nyuma hatua tatu, akageuza uso kwa heshima, kama afanyavyo mtu yeyote aliyelelewa. Akangoja. Alitoka mzee mmoja asiyeona vizuri, akifunga mkanda bila haraka, akamsalimia. Ofisa akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake: wenyewe wanakaa. Mstari mmoja tu. Jirani wa karakana hakuonekana tena na futi yake ya kupimia.

Ofisa akanirudishia kurasa zangu. "Chukua. Zikibaki kwenye faili zitawaponza wazee wako."

Mzee wa mguu mmoja alizipokea kabla yangu, akazipapasa kwa kidole gumba, kama anavyopapasa mti kabla ya kuuchonga.

"Laini," akasema, akaelekea chooni akitafuta msumari wa kuzitundikia.

Ulikuwa uandishi wangu wa kwanza kumalizwa wote, ukurasa kwa ukurasa, na watu waliokuwa kwao.