Hodi na Vipokezi Viwili

Kila asubuhi, kabla hajafungua kabati la joto ambamo seli za neva hulelewa, fundi wa maabara hugonga mlango wake mara mbili na kusema, "Hodi humu." Hangoji kuambiwa "karibu." Wanafunzi wamempachika jina la Hodi. Mkewe hulalamika kwamba adabu hiyo hajawahi kuifikisha ukweni.

Wiki moja utani uliingia nyongo. Mwanafunzi wa uzamili, binti anayeona haya hata kuazima kalamu, alikuwa akichunguza vipokezi viwili vilivyo juu ya seli kupokea ujumbe wa dawa, kila kimoja na dawa yake iliyoandaliwa na Hodi. Dawa ikifika, seli hung'aa kijani chini ya hadubini. Sasa kila alipotanguliza dawa ya kwanza, ya pili ilipofuata seli zilibaki kiza, utadhani zimesusa.

"Mzee, umechanganya dawa kwenye chupa," profesa wa maabara alimwambia Hodi. "Macho yamechoka. Jumatatu nenda stoo ukapange glavu."

"Glavu hazina mazungumzo, Profesa. Nipe sahani moja ya mwisho ya seli."

Binti alijua mzee huyu hachanganyi kitu. Akatazama viatu vyake.

Hodi alichukua chupa zilezile, ila safari hii alianza na dawa ya kukiziba kipokezi cha kwanza.

"Kama chupa ni chafu," alisema, "uchafu utakinyamazisha kipokezi cha pili hata hivyo. Lakini kama hawa majirani wanapenyezeana maneno kwa ndani, huyu tukimziba masikio, yule hataletewa umbeya wa kumnunisha."

Akadondosha dawa ya kwanza, kisha ya pili. Kola yake ilikuwa imelowa jasho.

Seli zikawaka kama mtaa uliorudishiwa umeme.

Profesa alichungulia, akachungulia tena, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai. "Kumbe cha kwanza kikiguswa hupeleka habari ndani ya seli, na cha pili kinapungua usikivu. Chupa hazina kosa." Akakohoa. "Mzee, stoo tutatafuta mtu mwingine."

"Atakayepatikana, mpeni pole yangu."

Profesa alipotoka, binti alibaki amesimama. Mwishowe akauliza.

"Mzee, ulijua zitawaka?"

"Sikujua, mwanangu. Nilijua tu kwamba sikuchanganya."