Kahawa ya Kuvuta kwa Mkono

Baba alikuwa na mashine ya kahawa ya kizamani, ya Kitaliano, yenye tangi la shaba na mpini mrefu. Aliachiwa na mfanyabiashara mmoja mzee aliyekuwa anafunga duka lake hapa Kasongo. Watu walimcheka kwamba amepewa chuma chakavu. Wacheke tu! Mashine za siku hizi zinataka umeme, na umeme kwetu ni habari ya kusikia. Hii ilitaka moto na mkono. Tangi lilikaa juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na makaa yakishika, maji yalichemka. Baba aliinua mpini, kisha akaushusha polepole, na kahawa ikatiririka nyeusi, na povu la rangi ya asali juu yake. Nyumba nzima ilinukia.

Mama aliiita mke mwenzake. Kila alasiri Baba akitoka msikitini alipitia kwanza jikoni kwa huyo bibi mdogo, na Mama, na birika lake la kahawa ya tangawizi, alilalamika mpaka jirani akasikia.

"Bibi yako hafue, hapike, iko anakula makala ya mbabula tu!"

Baba alicheka. Alitwanga kahawa kwenye kinu, akaichekecha kwa chekecheke la Mama la unga wa muhogo, maana ikiwa na chenga maji hupita mbio, na ikiwa vumbi mno mpini hugoma. Jioni bugali lilinuka kahawa, ugomvi ukaanza upya. Niliupenda ugomvi ule kuliko nyimbo za redioni.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga Baba upande wa kulia. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi kidogo, mkono ukabaki unaning'inia. Rafiki zake wa kahawa walipokuja, alituamuru tuseme amelala. Nilimkasirikia, kisha nikamwogopea. Kwetu, mzee anayekataa wageni ameshaanza kuaga. Halafu akatuma habari kwa mwenye mgahawa wa kule Salamabila aje ainunue mashine.

"Asiyekubali kushindwa si mushindani," alituambia.

Mnunuzi alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilidhani Mama ndiye atakayeifunga mashine kamba kwa furaha. Badala yake aliwasha mbabula.

"Utauza kitu bila kuonja?" alimwambia mgeni, maana katika Kiswahili chetu "kuuza" ni kununua, na "kuuzisha" ndiko kuuza.

Mama hakuwa amewahi kuigusa mashine ile. Alitwanga haraka haraka, akaacha kuchekecha, akainua mpini na kuushukia kwa mikono miwili na uzito wake wote. Mpini ukazama mara moja, kahawa ikaruka mpaka kwenye shati jeupe la mgeni.

"Polepole!" Baba alipiga kelele kutoka kitini, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. "Ile haiko mihogo! Chekecha kwanza!"

Mama akachekecha, akarudia, Baba akimwelekeza kila hatua. Mgeni alikunywa, akasifu sana. Baba akashika kikombe kwa mkono wa kushoto, akaonja.

"Iko mubaya," alisema. "Ulitwanga mubaya, mama ya batoto."

"Basi kesho utatwanga weye. Mukono ya kushoto haikukufa."

Baba akaweka kikombe chini. Kisha akamgeukia mnunuzi.

"Mwanangu, unisamehe. Siuzishe tena."

Kesho yake alikaa jikoni, kinu katikati ya magoti. Mchi ulikwenda kombo, ukagonga ukingo, buni zikarukia sakafuni. Niliinuka nimsaidie, Mama akanishika kitenge, akanirudisha chini. Alikuwa amesimama nyuma ya Baba, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na kwa sauti kavu kabisa alikuwa anamkaripia kwamba anamwaga kahawa.