Nusu ya Mbegu Aliyoibakiza Loisi

Saa kumi na mbili asubuhi, Loisi Matonya anainamia shimo alilolichimba kwa jembe, anadondosha punje chache za mtama, kisha anazifukia kwa kisigino. Udongo wa Chamwino umelowa tangu jana. Ng'ambo ya njia, shamba la jirani yake Evarista ni tupu.

"Mama Tumsifu, bado unazo?" Evarista anauliza, beseni mkononi.

"Zimebaki. Ngoja nimalize mstari huu."

Loisi, mjane wa miaka 58 aliyeishia darasa la saba, analima ekari tatu. Hii ni mara yake ya pili kupanda msimu huu. Mtama huu usipoota, hana mbegu nyingine.

Kijijini kwake, kabla ya mvua kila kaya hupeleka mbegu kanisani zikaombewe. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi, zote huenda shambani. Ukibakiza, watu wanaona humwamini Mungu. Mwaka juzi mvua ilianza Desemba ikakatika, na Loisi, aliyezoea kuvuna magunia manane, akaambulia mawili.

Oktoba iliyopita, kikundi chao cha wakulima kilipokea wageni kutoka Kitui, Kenya. Mmoja wao, Mwikali, alifikia kwa Loisi.

"Nilitaka kujua nani amejiandaa zaidi na hali ya hewa hii iliyobadilika, wao au sisi," anasema Loisi. "Nilimuuliza mpaka ugali ukapoa."

Mwikali alimweleza kwamba kwao taarifa ya mvua huja kwenye simu ikitaja eneo lao, na kwamba wao hupanda kwa mafungu, si mbegu zote siku moja. Loisi akaona Kenya wamewaacha mbali. Ndipo akauliza wanapanda nini.

"Mahindi," Mwikali akajibu. "Watoto wetu mtama hawali. Wanasema ni chakula cha kuku."

"Na jua likikaza?"

"Yanakauka, dada. Taarifa tunayo, mahindi hatuna."

Wakacheka. "Kumbe wewe unajua upande lini, mimi najua nipande nini," Loisi akamwambia. "Tungekuwa nchi moja tungeshiba."

Mgeni alipoondoka, Loisi alipeleka kanisani nusu tu ya mbegu zake. Nyingine alizichanganya na majivu, akazifungia kwenye kibuyu.

"Mwenzetu siku hizi anambania Mungu," Evarista aliwaambia wanakwaya.

"Iliniuma," anasema Loisi. "Nikasali, nikamwambia Bwana, imani sijapunguza, nimeogopa jua."

Mvua ikaja, kijiji kizima kikapanda, kisha jua likawaka wiki tatu. Miche ikafa, hata ya Loisi.

Sasa mvua imerudi. Loisi anamaliza mstari, anafungua kibuyu na kumimina mbegu kwenye beseni la jirani yake, ingawa kona ya shamba lake mwenyewe bado haijapandwa.

"Yale maneno yangu kule kwaya..." Evarista anaanza.

"Wahi kabla udongo haujakauka, mama."

Loisi amemwomba Mchungaji Gerson ibada ya mbegu ifanyike mara mbili kila msimu, ili anayebakiza asionekane ameasi. Mchungaji ameahidi kulifikisha kwa wazee wa kanisa.

"Ameniuliza hiyo ya pili tutaiitaje," anasema Loisi akipangusa jembe. "Nimemwambia asihangaike na jina. Atangaze tu siku, mimi nitakuwa wa kwanza kusogea mbele na nusu yangu."