Maji ya Kwanza ya Mgagani

Hakuna aliyemshinda Milembe kupika mgagani. Kijijini kwao, nje kidogo ya Bariadi, aliuchuma ulikojiotea katikati ya pamba, akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, kisha akauunga kwa maziwa. Mumewe, Ngassa, alikuwa na mikono inayotetemeka na usingizi wa kukatikakatika. Akila mgagani alilala, na asubuhi alishika kikombe mwenyewe.

Mwaka 1995 alifika Januarius, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyechunguza mboga zinazotuliza mishipa ya fahamu. Alimweleza Milembe kwamba majani yale yana viini vinavyozuia chembe za mwili zisichakae upesi, hata za ubongo, na kwamba vingi huishia kwenye maji anayomwaga.

"Kumbe miaka yote namlisha mzee makapi," Milembe alicheka.

"Usiyamwage tena, mama."

Hakuyamwaga tena.

Enzi za ushirika, siku ya kupulizia pamba dawa ya wadudu ilitangazwa kijiji kizima, na kwa wiki mbili hakuna aliyechuma mboga shambani. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, dawa iliuzwa madukani mjini, na kila mtu alipulizia siku aliyoipata. Jirani yao, Masalu, alipulizia Jumanne. Jumatano Milembe, asiye na habari, alichuma mgagani mpakani mwa shamba la Masalu.

Ngassa alikula, akaomba aongezwe. Milembe, ambaye hakuuzoea uchungu ule, alikula dagaa. Jua halijazama, jasho lilimtoka Ngassa, mate yakamchuruzika, misuli ikaanza kumchezacheza. Walimpakia kwenye baiskeli kumkimbiza hospitali. Alikata roho njiani.

Msibani Masalu alimwendea Milembe akamwambia alichofanya Jumanne. Alilia. Milembe hakumlaumu. Alikuwa akiyawaza yale maji; kama angeyamwaga, je, Ngassa angepona?

Baada ya mavuno Januarius alirudi na kilo mbili za sukari na karatasi za vipimo vya majani aliyoyachukua kwake.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma alichojifunza kwa ajili yake. Mgagani wake ulikuwa umezipita mboga zote, alisema, na mzee yuko wapi naye asikie?

"Mzee alifariki, mwanangu."

Karatasi zilimshuka mkononi. Aliuliza alipatwa na nini.

Milembe alimtazama. Alikuwa rika la kitinda mimba wake.

"Homa," alisema, akamvutia kigoda.