Siku Niliyowahesabu Ndugu Zangu

Nilipokuwa mtoto, pale Gitothua, ukituuliza tuko wangapi nyumbani hukupata idadi. Cucu, mama yake baba, alikuwa ametuonya kwamba watu hawahesabiwi, maana wanaohesabiwa hupungua. Ukiulizwa, taja majina mpaka anayeuliza achoke.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Memsabu mmoja Mmarekani, aliyetufundisha shule ya Jumapili, alileta masweta akataka idadi ya watoto wa kila nyumba, si majina. Mdogo wetu Wambui alikuwa hajafikisha miezi mitatu, na baridi ya Julai ilikuwa kali. Nililitamani sana lile dogo la manjano liwe lake. Nikainua vidole nikasema, "Sita."

Nilipewa. Wambui alilivaa juma moja tu, surua ikamchukua.

Nikakataa kula. Cucu akanihoji mpaka nikasema nilichofanya. Hakunigombeza, na heri angenichapa. Memsabu alipokuja kutupa pole, mama akiwa hayupo, Cucu akamweleza habari hiyo. Kwa Kikuyu chake cha kubabaisha akasema hata kwao Marekani jambo hilo lipo, wanaliita jinksi, lakini ni upuzi mtupu.

"Kama ni upuzi," Cucu akamuuliza, "mbona mmeupa jina?"

 Mimi nikalishika lile neno kama jina langu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu Thika, nililitafuta vitabuni. Jinksi ni mkosi, au mtu anayeuleta. Lilivuma Marekani kwa wachezaji wa besiboli, waliotafuta wa kulaumiwa wakishindwa. Huenda asili yake ni jina la ndege anayezungusha shingo, ambaye wachawi wa kale walimtumia kurogea. Nilisoma mara mbili, nikitafuta palipoandikwa namna ya kumwondolea mtu jinksi. Hapakuwa.

Mama alikuwa ameshazeeka nilipothubutu kumwambia. Tulikuwa tukibambua njegere. 

"Kwani mimi nilikuwa nafanya nini?" akasema. "Kila jioni, kafyu ikikaribia, niliwahesabu kwa kidole hapo mlangoni. Mmoja akibaki nje angepigwa risasi. Na Wambui nilimhesabu, akiwa mgongoni. Alipokufa nikajua ni mimi."

Nilimshika mkono, njegere zikamwagika. Miaka mingi tulikuwa tumelala nyumba moja, kila mmoja akiamini ni yeye aliyemuua yule mtoto, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.