Ukuta Katikati ya Bugali

Kabla ya kuosha sinia, Mama Léocadie huziangalia kwanza. Wenzake kituoni walimcheka kwa tabia hiyo, na nesi alimwambia siku moja kwamba mabaki ya bugali si Biblia hata yasomwe. Léocadie alikuwa akipikia wanaume thelathini na wawili, asubuhi uji, mchana bugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, au maharagi, na mtu akipika hivyo mwaka mzima anajua nani anaumwa tumbo, nani amepata habari mbaya za nyumbani na nani hasemi na nani. Hahitaji kuuliza.

Kituo kilikuwa Katoyi, mtaa wa Goma, nyuma ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, na huo ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake. Wanaume waliokuwa ndani walitoka msituni. Walikuwa wafuasi wa mtu mmoja aliyejiita Nabii, aliyewaapisha kwamba dunia yote nje ya kambi yake ni najisi, na kwamba kumuua mtu wa nje si dhambi. Waliokamatwa na waliotoroka waliletwa hapa kwa miezi sita. Asubuhi walifundishwa kuishi na watu, mchana walifundishwa useremala na kushona. Mwishoni karatasi moja ilizunguka ikitafuta sahihi tano: ya direkteri, ya mwalimu, ya nesi, ya mkuu wa walinzi na ya mpishi. Zikitimia, mtu anarudi kwao. Ikikosekana hata moja, dosiye, faili lake, inalala miezi mitatu mingine. Mpishi alitiwa humo na wafadhili wa mbali, waliotaka kila anayewaona wanaume hao atoe neno lake. Hapa kituoni hakuna aliyetarajia kwamba mpishi angekuwa na neno.

Na kwa muda mrefu hakuwa nalo. Alikuwa mjane kutoka milima ya Masisi. Mumewe aliuawa akiwa anachunga, na watu wa namna hii hii, ng'ombe wakaswagwa, naye akashuka Goma na watoto watatu na sufuria moja. Alipopata kazi hii aliona heri afunge mdomo, apike, asaini. Ndivyo alivyosaini karatasi ya Grégoire, mtu mcheshi aliyewafundisha wenzake nyimbo. Wiki nne baada ya kufika kwao, Grégoire alirudi msituni, tena hakurudi peke yake, alikwenda na vijana wawili wa jirani. Léocadie alijaribu kukumbuka sinia ya Grégoire ilikuwa ikirudi vipi jikoni, akashindwa. Hakuwahi kuiangalia. Hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kumwambia mtu, na toka siku hiyo akaanza kuangalia.

Wanaume walikula wanne wanne kwenye sinia moja, kama walivyolelewa. Bugali hukaa katikati na kila mtu huanza kumega upande wake, lakini njaa haijui mipaka. Kufumba na kufumbua mikono inapishana, huyu anamega kwa yule, yule anachovya alipochovya mwenzake, na kinachobaki ni shimo moja lisilo na mwenyewe. Sinia ya mmoja wao, Éphraïm, haikurudi hivyo. Ilirudi na ukuta. Upande mmoja ulimegwa kwa unadhifu, kisha ukanda mwembamba wa bugali ukasimama mzima, na ng'ambo yake zilikuwa vurugu za wale watatu. Siku aliyokuwa na zamu ya kugawa chakula, Léocadie alimwangalia vizuri. Éphraïm alichovya sombe wa kwanza, mara tatu upesi. Wenzake walipoingiza mikono bakulini, yeye akaendelea na bugali kavu huku akiwachekesha kwa hadithi.

Mwanzoni Léocadie alidhani ni adabu tu. Kuna watu waliolelewa kwa kiboko. Asingejua maana yake kama si mwenzao mmoja aliyeitwa Ushindi.

Ushindi alikuwa mwiba wa kituo. Alibishana na mwalimu, alitoka darasani akibamiza mlango, aliuliza maswali yasiyokuwa kitabuni: kama Nabii ni mwongo, mdogo wake alikufa kwa ajili ya nini? Siku moja Léocadie alimkuta nyuma ya jiko ameinama, anatapika. Akamchemshia tangawizi.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Nimekula pamoja nabo." Akapangusa mdomo kwa mkono wa shati. "Kule tuliapa. Hauwezi kula pa sahani moya na mutu wa inje. Na mwenye aliacha kiapo, ule ni mubaya kupita mutu wa inje. Sasa hapa sisi bote tuliacha. Nikitia mukono pa sombe yabo, kichwa inasema haina shida, tumbo inakatala."

Tumbo lake lilikataa karibu miezi mitatu. Siku alipomaliza sinia na wenzake na chakula kikatulia, alikuja jikoni machozi yakimtoka, na Léocadie akajikuta analia naye. Alijishangaa. Hakujua kama bado ana machozi ya kumpa mtu aliyetoka kwenye msitu ule.

Éphraïm hakulia hata siku moja. Éphraïm alikuwa dhahabu ya kituo. Wa kwanza kuingia darasani, wa mwisho kutoka, ufagio ukianguka yeye ameshauokota. Akiulizwa amejifunza nini, alisema ametambua makosa yake na yuko tayari kuishi kwa amani na jamii, maneno ya mwalimu yaleyale, na alinyamaza kidogo palepale mwalimu aliponyamaza. Wageni wakija, aliitwa yeye. Direkteri Mushagalusa, mtu wa upande wa Bukavu, mwenye mashati yaliyonyooshwa na mapenzi makubwa kwa raporo, zile ripoti za wafadhili, aliweka picha yake ukurasa wa kwanza.

Na kila baada ya Jumamosi mbili, mke wa Éphraïm alishuka kutoka Kibati kumtembelea. Aliitwa Bénita, na alikuja na binti yao wa miaka mitano, Chance. Akimaliza kuzungumza na mumewe alipitia jikoni, mtoto akapewa kipande cha muhogo, naye Bénita akakaa kwenye bidoni, dumu la maji, iliyopinduliwa. Siku moja alifungua mdomo.

"Mama, miaka mbili iliyopita alitaka kubeba uyu mutoto kule kwa Nabii, amupe. Nilikimbia naye mu mashamba, bila hata viatu. Sasa anasema ule alikuwa mutu mwingine. Anasema vizuri, mama, ata mimi ninasikia mupaka roho inatulia. Lakini weye unamuona kila siku. Nimupokee?"

Léocadie alimwangalia mtoto anavyotafuna muhogo wake. "Nipe siku kidogo," akasema.

Hakulala vizuri juma hilo. Alijihoji mwenyewe bila huruma. Je, ni ukuta wa bugali anaouona, au ni kaburi la mumewe? Mwanamke mwenye uchungu anaweza kuona nyoka kwenye kila kamba. Lakini Ushindi naye alitoka kwenye msitu ule ule, na yeye alimpenda kama mtoto wake. Basi si chuki. Akavua aproni, akaenda ofisini kusema kwamba Éphraïm bado ameshika kiapo.

Mushagalusa alimsikiliza kwa upole, upole ule wa mtu aliyeshakata shauri. "Mama Léocadie, tunajua mambo ya bwana yako. Uko na maumivu, na haiko kosa yako." Neno hilo lilimchoma kwa sababu alikuwa ameshajichoma nalo mwenyewe. "Lakini sisi kazi yetu ni mazungumuzo. Nitamuuliza yeye mwenyewe."

"Direkteri, nakuomba, usimwambie! Ukimwambia, hatutajua tena kitu."

"Ukweli hauogope kuulizwa, mama."

Wahenga walisema, ukila na kipofu usimguse mkono. Direkteri hakuugusa tu, aliushika na kuutikisa. Jioni ileile alimwita Éphraïm, akampa kiti, akamweleza kila kitu, pamoja na jina la aliyeona.

Kesho yake mchana sinia ilirudi bila ukuta.

Léocadie mwenyewe alishuhudia, maana Mushagalusa alikuja kumwita asimame naye mlangoni pa chumba cha kulia. Éphraïm alikuwa anamega katikati. Alichovya sombe palepale Ushindi alipotoka kuchovya, akacheka, akalamba vidole. Alimega hata kipande akamwekea jirani yake mkononi.

"Umeona?" direkteri akanong'ona, na furaha yake ilikuwa ya kweli, maskini. "Alisikia, alibadilika. Ndiyo kazi yetu hii."

Léocadie aliona. Alirudi jikoni, akakaa kwenye ile bidoni ya Bénita, akaanza kuhesabu. Ushindi alihitaji miezi mitatu, matapishi na kilio. Huyu alihitaji usiku mmoja, wala hakukohoa. Mtu aliyeguswa mahali pa kweli angekuja kufoka, au kujitetea, au angekaa kimya siku mbili kwa aibu. Éphraïm hakuwa na hasira wala aibu. Alirekebisha tu, upesi na kwa usafi, kama mwanafunzi anayefuta hesabu aliyoikosa kwa sababu mwalimu amesimama nyuma yake. Na kama jambo alilolishika miezi mitano lingeweza kufutwa hivyo, Léocadie alijiuliza ni mangapi mengine aliyokwisha kuyafuta kabla ya macho ya mtu kuyafikia.

Ijumaa ya kusaini ilifika. Bénita alikuwa ameshakuja, amekaa uani, na Chance amevalishwa gauni jipya la njano. Ofisini karatasi ilikuwa na sahihi nne. Mushagalusa akamsogezea kalamu.

"Siweke sahihi," akasema Léocadie.

"Mama, sababu ya bugali?"

"Sababu ya bugali. Uandike vile mu raporo, siko na haya. Ukuta alikuwa nao miezi tano, akaubomoa usiku moya, na hakuuliza ata mutu moya kitu. Ule si kubadilika, direkteri. Ule ni kusikiliza pa mulango, ajue tunataka nini."

Mushagalusa alisihi, akabembeleza, akapandisha sauti, akakumbusha kwamba mikataba ya kazi inaisha mwezi wa kumi na mbili. Léocadie hakuigusa kalamu. Sheria ilikuwa ya wafadhili, naye direkteri aliiheshimu karatasi kuliko alivyowaheshimu watu, na safari hii ibada yake hiyo ilisaidia. Dosiye ikarudi kabatini.

Ilibaki kumwambia Bénita, na hakuna aliyejitolea. Léocadie akatoka mwenyewe.

"Rudi Kibati, mutoto wangu. Miezi tatu."

Bénita alisimama taratibu. "Nilikuomba unisaidie. Nimenunua kitanda. Nimeambia batu bote ya kama baba ya mutoto anarudia." Sauti ilipasuka. "Umenifanyia ivi juu bwana yako alikufa. Uliona wangu anarudia, ukasikia mubaya."

"Pengine," akasema Léocadie. "Pengine ni vile. Lakini usimupe mutoto."

Bénita alimshika Chance mkono, akatoka, na mtoto akawa anageuka nyuma kila hatua, hana habari kwa nini gauni limevaliwa bure. Léocadie aliwatazama mpaka wakapotea upande wa barabara ya Kibati, kisha akarudi kwenye sufuria zake akijichukia. Alifikiri: nimevunja nyumba ya watu kwa ajili ya kipande cha unga wa muhogo. Alifikiri pia kwamba kesho asubuhi angeweza kwenda kuomba ile kalamu, na kwamba hakuna ambaye angemcheka kuliko alivyokwisha kuchekwa.

Alikuwa anasugua sinia ya mwisho mlango ulipofunguliwa. Éphraïm aliingia na bidoni mbili za maji ambazo hakuna aliyemtuma azilete. Akazitua polepole ili zisimwagike. Uso wake haukuwa na kinyongo hata kidogo, na macho hayakuwa na wekundu. Mtu aliyenyang'anywa mke na mtoto mbele ya macho yake saa mbili zilizopita alikuwa anatabasamu kwa heshima kubwa.

"Mama, unisamehe kukusumbua. Ule ukuta wa bugali, kweli nilijisahau, na nashukuru juu uliona." Akasogea karibu kidogo, akashusha sauti kama mtu anayeomba chumvi. "Kitu gani ingine uliona? Uniambie tu. Nitaitengeneza."

Maji ya sabuni yalimtiririka Léocadie mikononi. Ile hamu ya kwenda kuomba kalamu ilimtoka palepale, isirudi tena. Akainua uso, akamtazama, akatafuta tabasamu kama lake, akalipata.

"Hakuna kitu ingine, mutoto wangu," akamwambia. "Uko muzuri kabisa."

Éphraïm akashukuru, akatoka na bidoni tupu zilizokuwa pembeni. Léocadie alibaki amesimama na lile tabasamu usoni, likakawia kuondoka. Kumbe kujifanya ni rahisi hivyo.