Upepo ulituachia chumba kimoja, na baba mkwe yuko mlangoni

Wakuu, heshima kwenu, wa Tunduma na wa mbali. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Chapwa. Siongezi chumvi, mvua ilishaongeza maji ya kutosha.

Wakati wa kuezeka, fundi aliniuliza waya wa kufungia kenchi za paa kwenye ukuta uko wapi.

Nikamjibu, "Fundi, hii ni nyumba, siyo mbuzi."

Tukacheka wote. Tukapiga bati za bluu.

Sasa, siku baba mkwe anatoka Itaka kuja kuona kwa mara ya kwanza binti yake anaishi wapi, upepo ukamtangulia. Paa la sebule likanyanyuka taratibu, kama mgeni anayeaga, likaenda kulala kwenye mahindi ya jirani. Jikoni nako mbingu tupu.

Kikabaki chumba chetu cha kulala.

(Ikikutokea, zima main switch kwanza. TV utaililia baadaye.)

Mzee akafika na mwavuli na jogoo. Mvua bado inanyesha. Akaketi sebuleni, mwavuli juu, jogoo chini ya kiti. Mke wangu akamletea chai.

"Baba, ingia chumbani, huko hakuvuji."

"Mwanangu, mimi nikaone kitanda cha mkwe wangu? Bora ninyeshewe."

"Basi twende kwa jirani."

"Kwa jirani nimemwoza nani?" Akachungulia kikombe. "Halafu chai yenu haipungui. Mmebarikiwa."

Mke wangu akawa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Baba yake angerudi nyumbani kusema nini? Akanivuta mkono: "Toa kitanda."

Mzee akageukia ukuta bila kuambiwa. Tukapita na kitanda nyuma ya mgongo wake kama wezi, tukakiacha sebuleni chini ya turubai.

Ndipo akaingia chumbani, akaketi pakavu. Akatazama juu, akamtazama binti yake.

"Sebule nzuri," akasema. Akanywa chai yote.

Wakuu, bati ni sura tu. Nyumba inashikwa na kile usichokiona. Bati zilizopinda sikuzirudisha, na safari hii kila kenchi imefungwa waya ukutani, mimi mwenyewe nikishuhudia.

Ila Itaka nzima sasa inasifu sebule yetu. Mama mkwe naye anakuja, na anataka kukaa palepale alipokaa mzee.

Waliowahi kung'olewa paa, tiririkeni. Na mwenye wazo la kitanda tukiweke wapi, aanze yeye.